Baruti ya Masika

Bedford la Atuganile lina miaka mingi kuliko mimi,
na mpaka juzi lilikuwa likinung'unika tu, kama mtu wa heshima.
Kisha masika yakashuka Uporoto
na lori likaanza kupiga baruti.

Pa! Kuku wa Isongole wakatawanyika.
Pa! Lwitiko, utingo, akaruka kutoka juu ya lumbesa
akidhani ni tairi.
Hapana. Mlio ulitoka mbele,
mdomoni, si mkiani,
na kichujio cha hewa kilikuwa na masizi upande wa ndani.

Shika hili kwanza:
likipiga nyuma, kwenye ekzosi,
uliza petroli isiyoungua, uliza bomba lililotoboka.
Likipiga mbele, kwenye kabureta,
moto umekuta mlango wazi
ukatokea kule kule hewa inakoingilia.

Ipyana, dereva, alisema ni maji kwenye petroli ya madumu.
Jirani yangu wa gereji alisema ni kabureta;
anayo moja, bei ya kindugu.
Atuganile hakusema kitu. Alikuwa akihesabu siku:
viazi vinachipua guniani
na soko la Mwanjelwa halina subira.

Nikafungua kabureta. Jeti safi kama tundu la sindano.
Nikapima pointi kwa kipande cha msumeno.
Nikasogeza taiming upana wa ukucha, nikairudisha.
Nikasikiliza valvu, bisibisi sikioni.
Saa nane jua likachomoza kati ya mawingu
na injini ikanguruma bila kosa,
kama mtoto aliyeona mgeni.

Hapo ndipo nilipaswa kujua.
Kinachopona juani kiliugua unyevu.

Jioni ukungu wa Uyole ukaingia gereji bila hodi.
Nikamwambia Lwitiko azime taa. Na simu.
Na sigara ya Ipyana, ambayo haikupaswa kuwepo.
Nikainua boneti.
Washa.

Nyuzi za buluu zilitembea juu ya nyaya za plagi,
nyembamba, kazi ya buibui mwenye umeme,
kutoka waya wa kwanza kwenda wa tatu,
wa kwanza kwenda wa tatu,
na kila zilipovuka: pa!

Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne,
hiyo ndiyo foleni, na foleni ina adabu yake.
Silinda ya kwanza inapopewa cheche
ya tatu bado inavuta pumzi, kinywa wazi.
Ukiitia moto wakati huo, itautema.
Nani asingetema?

Nyaya zote sita zilikuwa zimefungwa pamoja
kwa fundo nadhifu la mpira wa tyubu,
zimebanwa kama mzigo wa kuni za msibani.
Nikalitambua fundo.
Langu.

Mwezi wa pili, alipomaliza deni lake kwa mkupuo,
nilitaka kumwongezea kitu.
Nikapangusa injini, nikazikusanya nyaya
zilizokuwa zikining'inia kama nywele za aliyeamka sasa hivi,
nikazifunga.
Alichungulia akasema, "Sasa limependeza."
Nikalala na neno hilo wiki nzima.

Nikakata fundo.
Kila waya ukaegemea upande wake,
ovyo kama zamani,
na giza chini ya boneti likawa giza tu.

"Ilikuwa nini?"
"Nyaya zimechoka," nilisema. Na ni kweli,
mpira wake umepasuka kama visigino vya kiangazi.
Lakini ile tyubu ilikuwa bado kiganjani mwangu
na Atuganile ana macho.

Nikasema iliyobaki.

Alikitazama kile kipande cha mpira muda mrefu kidogo.
"Basi usinipambie tena," akasema,
akapanda mbele, akafunga mlango mara mbili
maana mara moja haushiki.

Nilisimama nikisikiliza mpaka viwanja vya Nanenane.
Kimya cha injini nzima kina mlio wake.
Nilimdai pesa ya petroli tu,
na hata hiyo nilikohoa kabla ya kuitaja.